NEPI ZA KITAMBAA: NANI ANAYEBEBA MAJI?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, leo nataka kuzungumzia jambo ambalo wanaume wengi wataliona dogo mno kuandikwa na mwalimu wa madrasa, nalo ni nepi za watoto. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Jambo hili limeingia katika swala za wake zetu, katika fedha ya chakula, katika mashimo ya vyoo vyetu, na katika ngozi za watoto wasioweza kujisemea. Vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa twahara kabla ya mlango wa swala, na hakuna nyumba yenye maswali mengi ya twahara kuliko nyumba yenye mtoto mchanga.

Siku hizi hapa Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, na kule Mbarara mjini vilevile, pampasi ndiyo imekuwa alama ya mtoto anayetunzwa. Wengine huita daipa, ndugu zetu wa Kongo husema kushi, lakini kitu ni kile kile. Muuza duka hufungua pakiti akauza moja moja, kama sigara. Mtoto aliyefungwa winda la kitambaa huhesabiwa mtoto wa fukara, na mama yake huona haya kumpeleka kwenye sherehe. Hapa ni mahali palipofunguliwa mwaka 1958, na Pampers ziliingia sokoni huko Marekani mwaka 1961. Yaani makazi haya yana umri mkubwa kuliko pampasi hiyo! Wanyarwanda wa mwanzo waliofika hapa walilea watoto wao kwa vitambaa, na watoto hao leo ni wazee wanaoheshimiwa.

Katika darasa la akina mama la baada ya Alasiri nimekuwa nikiulizwa swali hili kwa sura nyingi. Kuna madai mawili ambayo nataka kuyajibu waziwazi, kwa sababu yanasemwa kwa jina la dini.

Dai la kwanza ni kwamba pampasi ni twahara zaidi kuliko kitambaa, na kwamba mama anayetumia vitambaa hawezi kuswali kwa wakati kwa sababu nguo zake zina mkojo kila saa. Dai hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Nauliza: pampasi inauondoa mkojo au inauficha? Ndani yake kuna chembechembe ambazo zikipata maji huvimba na kuwa kama uji mzito. Mkojo haukwenda popote. Uko pale pale, umefungwa kwa plastiki na kuning'inia kiunoni mwa mtoto. Wanazuoni wa Kishafi walizungumzia zamani mtu anayeswali huku amebeba chupa iliyozibwa yenye najisi ndani yake, na kauli iliyo sahihi kwao ni kwamba swala yake haisihi, hata kama nje ya chupa ni pakavu. Sasa mama anayembeba mtoto katika swala huku akijua kwamba pampasi imejaa, ana tofauti gani na mwenye chupa? Anayevaa kitambaa huonekana amelowa, akabadilishwa. Anayevaa pampasi huonekana mkavu, na mama akajidanganya kwamba mambo ni safi.

Wala nisieleweke kwamba kumbeba mtoto katika swala ni kosa. Mtume (s.a.w) aliswali huku amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab, akisujudu humweka chini na akisimama humbeba tena. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Asili ya nguo ya mtoto ni twahara mpaka ujue kwamba ina najisi. Usimpekue mtoto kwa wasiwasi. Lakini ukijua, umejua.

Na dini yetu haikumwacha mama anyongwe na mkojo wa mtoto. Ummu Qays bint Mihsan (r.a) alimleta kwa Mtume (s.a.w) mwanawe mdogo wa kiume ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtoto akamkojolea Mtume kwenye nguo yake. Mtume akaagiza maji, akanyunyizia pale, wala hakuifua nguo. Kutokana na hapo madhehebu yetu yanasema: mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili, ambaye bado chakula chake ni maziwa, mkojo wake ukigusa nguo yako inatosha kuyanyunyizia maji mahali pote palipolowa. Huhitaji kukamua wala kuyamimina mpaka yatiririke. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa, na mtoto yeyote akishaanza kula ugali na uji wa kumshibisha, huoshwa. Choo kikubwa huoshwa kwa wote. Wafuasi wa Imam Malik wamekwenda mbali zaidi katika kumhurumia mama anyonyeshaye, wakasema anasamehewa kinachompata nguoni maadamu anajitahidi kujikinga. Basi nani aliyemwambia mama wa Nakivale kwamba hana swala mpaka anunue pampasi? Atenge gauni moja na kanga moja za kuswalia tu, azitundike juu ya msumari, aswali kwa wakati.

Jambo linalowachanganya wengi ni ufuaji wenyewe, na hapa naomba muda kidogo, kwa sababu hili nalifundisha kila mwaka na kila mwaka nakuta watu wanakosea. Maji machache, yaani yaliyo chini ya kula mbili (na kula mbili ni zaidi ya lita 200 kwa makisio ya wanazuoni wengi wa leo, karibu jerikani kumi au zaidi), yakiingiwa na najisi yananajisika hata kama hayakubadilika rangi. Sasa mama anajaza beseni, anatumbukiza nepi zote sita, anasugua, anakamua, anaanika. Kwa madhehebu ya Shafi maji yale yamenajisika tangu nepi ya kwanza ilipozama. Dawa yake si kununua maji mengi. Geuza utaratibu tu. Kwanza kwangua choo na ukitupe chooni, kisha suuza kwa maji kidogo, nayo yamwage chooni. Pili fua kwa sabuni katika beseni mpaka rangi, harufu na alama vitoke. Doa likibaki baada ya kusuguliwa kwa bidii limesamehewa. Tatu, na hii ndiyo twahara yenyewe, inua kila nepi mkononi uimiminie maji safi kwa kopo, yapite kote, kisha kamua. Maji ndiyo yanayoijia najisi, na si najisi inayotumbukia katika maji. Kopo mbili kwa nepi moja zinaweza kutosha. Kisha jua la Isingiro litamaliza kazi, nalo ni jua ambalo hatulilipii.

Dai la pili ni la uchafu wa kawaida na maradhi. Husemwa kwamba vitambaa huleta magonjwa. Kitambaa kisichofuliwa vizuri huleta magonjwa kweli, sikatai. Lakini tuifuate pampasi mpaka mwisho wa safari yake. Inavuliwa, inakunjwa na choo ndani, inatupwa. Wapi? Katika shimo la choo, ambapo haiozi na shimo linajaa kabla ya wakati wake. Nyuma ya nyumba, ambapo mbwa huikokota. Kando ya njia ya watoto waendao shule na madrasa. Mjini Mbarara utamkuta kaloli anaichambua kwa mdomo wake mrefu pembeni ya barabara. Wengi wanaamini kwamba choo cha mtoto anyonyaye hakina madhara. Si kweli. Choo cha mtoto hubeba vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na ndiyo maana wataalamu wa afya husema mahali pake ni chooni au kuzikwa, na kukitupa kwenye taka hakuhesabiwi kuwa ni kukiondoa salama. Mwezi Februari 2018 kipindupindu kilizuka Kyangwali kwa ndugu zetu waliokuwa wamevuka Ziwa Albert kutoka Kongo. Mtu aliyeishi kambini hahitaji kuambiwa kipindupindu ni nini.

Mtume (s.a.w) alitutahadharisha na mambo mawili yanayomletea mtu laana za watu: kujisaidia katika njia yao na katika kivuli wanachopumzikia. Sasa aliyetupa pampasi yenye choo njiani, au chini ya mwembe ambapo watu hukaa, amefanya nini? Amejisaidia pale kwa mkono wa mtoto wake. Tena aliyejisaidia wa zamani, mvua ikinyesha imeondoka. Hii ya plastiki inabaki.

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, na taka zake hupelekwa Kenkombe. Pale palikusudiwa taka za kuoza zigeuzwe mboji kwa ajili ya mashamba. Maganda ya matoke yanakuwa mboji. Pampasi haiwi mboji. Na sote tulisikia yaliyotokea Kampala tarehe 10 Agosti 2024, jaa la Kiteezi lilipoporomoka likafukia nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Sisemi pampasi ndizo zilizoua. Nasema taka tunayoitupa haiendi mbinguni, inakwenda mahali ambapo watu wengine wanaishi.

Sasa tuje kwenye fedha. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nane au hata kumi kwa siku. Tuseme mama amebana sana, anatumia pampasi nne tu. Kwa miaka miwili ni zaidi ya 2,900. Chukua bei ya moja katika duka la jirani yako, uzidishe mwenyewe, sitaki kukufanyia hesabu ukasema nimekutia chumvi. Upande wa pili weka nepi za kitambaa ishirini na nne, ambazo atazivaa mtoto huyu na mdogo wake baada yake. Wakati huo huo mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda ulishuka hadi asilimia 70 mwaka 2020, ukashuka hadi asilimia 60 mwaka 2021, na mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi matatu ambapo kundi la mwisho halipati kitu. Mwaka 2025 ukapunguzwa tena, watu wengi zaidi wakaondolewa kabisa. Ndani ya hali hiyo nimeona nyumba ambamo maharage yanakosekana na pampasi ipo. Na kwa kuwa ni ghali, haibadilishwi. Mtoto anaamka nayo, anashinda nayo, inalegea mpaka magotini, na ikivuliwa ngozi ya mapajani imekuwa nyekundu kama nyama. Huo ndio utunzaji tunaojivunia? Qur'ani imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Kabla hujalipeleka neno hilo kwa matajiri wa Kampala, lipime kwanza hapa.

Nepi ninayoisema si kitu cha ajabu. Iliyo nzuri ni kitambaa cha pamba cha mstatili, kilichokunjwa na kushonwa tabaka juu ya tabaka, pembeni tabaka nne, katikati sita au nane, kwa sababu katikati ndipo mkojo unapoishia. Unaikunja mara tatu kwa urefu, unaiweka ndani ya chupi ya kuzuia maji au unaifunga kwa pini zake. Fundi yeyote wa cherehani hapa Base Camp anaweza kuishona kwa shuka za pamba za mitumba au fulana nzee. Pamba mpya ifuliwe mara kadhaa kabla ya kutumika, la sivyo hainyonyi vizuri, na msitie dawa za kulainisha nguo, zinaziba kitambaa. Kwa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mimi naona nepi ile ya zamani ya mraba, nyembamba, ni bora, kwa sababu yenye tabaka nane haikauki. Waingereza walipima jambo hili wakatoa ripoti mwaka 2008, wakakuta kwamba nepi za kitambaa zinaweza kupunguza madhara kwa hali ya hewa kwa asilimia 40 hivi, lakini kwa masharti: zifuliwe nyingi kwa pamoja, zianikwe nje, na avae mtoto wa pili. Masharti hayo matatu mama wa Nakivale anayatimiza bila kuandikiwa ripoti.

Wasomaji akina baba mpaka hapa wanatikisa kichwa kwa kuafiki. Vizuri! Sasa maneno yafuatayo ni yenu.

Nimewasikia baadhi ya mashekhe wakiwahutubia wanawake juu ya israfu ya pampasi, na kuwakumbusha bibi zao walivyokuwa wakifua. Hotuba ni nzuri, lakini haina maji ndani yake. Kiwango wanachotaja UNHCR ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu sita ni lita 120, yaani jerikani sita, na hayo ni kabla ya kuhesabu nepi. Ukiweka nepi, ongeza jerikani moja, na siku ya kuhara mbili. Maji yetu mengi yanatoka Ziwa Nakivale, yanasafishwa na kupelekwa kwenye mabomba, na wakati wa kiangazi Isingiro inakauka, foleni ya jerikani inakuwa ndefu kuliko ya Ijumaa. Katika foleni ile nawaona wanawake, wasichana, na watoto wa miaka saba. Akina baba nawaona chini ya mti wakizungumza siasa za Kongo na Somalia. Kisha sabuni. Viwango vya misaada vinavyotumika duniani vinataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kila mwezi. Hebu ulize nyumbani kwako kama kipande cha sabuni kimefika tarehe kumi na tano.

Mama aliyejifungua siku ishirini zilizopita, ana mshono, ana mtoto mwingine wa miaka miwili, unamwambia afue nepi nane kila siku na aende mwenyewe kuchota. Yeye anatoa shilingi zake za kuuza nyanya ananunua pampasi. Unamwita mbadhirifu! Mbadhirifu ni nani? Yule mama ananunua ndoo ya maji ambayo mumewe hakuibeba. Ananunua saa moja ya kulala. Qur'ani, katika aya ile ile inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, imemwekea baba juu ya shingo yake chakula cha mama na mavazi yake kwa wema. Haikumpa nafasi ya kuwa mhubiri tu. Na Bibi Aisha (r.a) alipoulizwa Mtume (s.a.w) alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Wewe unayeona aibu kuanika nepi ya mwanao, ni mtukufu kuliko yeye?

Kwa hiyo simharamishii mtu pampasi. Kuharamisha kilicho halali ni kosa kubwa kuliko pampasi zote za Mbarara. Mama wa mapacha, mama mgonjwa, mtoto anayehara usiku wa mvua, safari ya basi kutoka Mbarara hadi Kampala, hao watumie na wasione haya, ila wamwage choo chooni kabla ya kuitupa. Ninachokataa ni baba kusifu kitambaa kwa sababu ni rahisi mfukoni mwake, huku urahisi huo unalipwa na mgongo wa mkewe. Ukitaka nepi za kitambaa nyumbani kwako, jerikani ya asubuhi ni yako, na sabuni ya mche inunuliwe kabla ya vocha ya simu. Vijana wenye baiskeli wanaobeba maji kwa malipo wapo. Kama huna nguvu, walipe.

Tunaposoma akika tunaleta pakiti ya pampasi kama zawadi, nayo inaisha kabla ya arubaini. Jamaa sita wakichanga nepi nne nne, mtoto amepata ishirini na nne, na pini, na ndoo yenye kifuniko. Hilo linaweza kuanza na akika inayofuata.

Limebaki suala la matangi ya misikiti. Baadhi ya misikiti yetu ina tangi na bomba, na wanaume hutawadha bomba likiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Mtume (s.a.w) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja. Akina mama wameniuliza kama wanaweza kuchota pale jerikani moja ya nepi. Jibu la fiqhi ni kwamba maji yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya udhu hayachukuliwi kwa kazi nyingine bila ruhusa ya sharti la mwenye wakfu. Basi anayetoa tangi jipya au kulipia maji ya msikiti, aseme siku ile ile ya kutoa, mbele ya kamati, kwamba ni kwa wenye udhu na kwa wenye watoto wachanga. Ni sentensi moja tu, na kamati iiandike kwenye daftari.

Wabillahi tawfiiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.